Programu ya katuni inakugomea kwenye majaribio ya bure? Usiifute kwanza, soma dalili

Kitu ninachokiona kila mara mtu akianza majaribio ya bure ya programu ya animesheni ni hiki, kitu kidogo kikigoma tu anaifuta programu yote na kuanza kuidaunlodi upya. Bando linaisha, siku zinaisha, na tatizo liko palepale, kwa sababu tatizo lenyewe halikuwa kwenye programu. Lilikuwa kwenye saa ya kompyuta, au draiva (ile programu ndogo inayoendesha kifaa), au kadi ya benki, au mtu hajaelewa tu kwamba mchoro wake umewekwa kwenye fremu moja. Kuinstoli upya hakutibu hata kimoja kati ya hivyo.

Hapa nitaongelea zaidi Toon Boom Harmony, ile ya Wakanada wa Montreal, kwa sababu ndiyo studio nyingi za katuni za 2D wanatumia na ndiyo inayowachanganya wanaoanza kuliko zote. Majaribio yake ni siku 21. Moho wanakupa 30, Adobe Animate 7 tu. Mengi ya humu yanafanya kazi kwenye zote, yale ya Harmony peke yake utayajua.

Na kabla hujabonyeza chochote, usianzishe majaribio siku ambayo huna kazi mkononi. Siku zinahesabiwa hata ukiwa umelala. Chora kwanza wahusika wako kwenye karatasi, rekodi sauti, andaa stori yako fupi, hakikisha tableti ya kuchorea inafanya kazi kwenye programu nyingine yoyote ya kuchora, ndipo ufungue akaunti. Mtu anayefungua akaunti Ijumaa usiku kwa mzuka halafu anaigusa tena wiki mbili baadaye, huyo kashatupa zaidi ya nusu.

Instola haifunguki au inakatikia njiani

Angalia kwanza ukubwa wa faili ulilodaunlodi, linganisha na ulioandikwa kwenye ukurasa wao. Kama ni dogo basi lilikatika, labda umeme ulienda au bando lilikata katikati na brauza ikajifanya imemaliza. Faili la namna hiyo halirekebishiki, lishushe upya, na hapo tumia programu ya kudaunlodi inayoweza kuendelea pale ilipoishia, usitegemee brauza.

Kama faili ni zima ila Windows inakuambia haiwezi kuliendesha kwenye kompyuta yako, nenda Settings, System, About, usome palipoandikwa System type. Laptop nyingi za mtumba mafundi wamezipiga Windows ya biti 32 hata kama prosesa inaweza 64, na programu hizi siku hizi ni 64 tu. Hapo hakuna njia ya mkato, ni kupiga Windows upya.

Ikija meseji inayotaja VCRUNTIME140.dll au MSVCP140.dll, USIENDE kudaunlodi hiyo dll kwenye zile tovuti za ajabu ajabu. Nenda Microsoft wenyewe, shusha Visual C++ Redistributable ya x64, instoli, washa upya. Imeisha hiyo.

Umeingia na akaunti yako lakini inasema lisensi haijapatikana, au majaribio yameisha wakati hata hujaanza

Hii ndiyo inayowatoa watu jasho, na mara nyingi kwa laptop zetu hizi za kununua used mkosaji ni saa.

Angalia pembeni chini kulia, tarehe ipo sawa? Kama kompyuta inasema ni mwaka 2015 au 2019 basi ndugu yangu hilo ndilo tatizo. Ndani ya kompyuta kuna kabetri kadogo ka mviringo kanakotunza saa wakati umezima, mara nyingi ni aina ya CR2032. Kakifa, kila ukichomoa umeme saa inarudi zamani. Sasa programu ikienda kuongea na seva ya lisensi (kompyuta ya kampuni inayothibitisha kama una haki ya kutumia), kompyuta yako inalinganisha tarehe yake na vyeti vya usalama vya seva, inaona haviendani, mawasiliano yanakataliwa. Ushahidi wa haraka ni brauza, fungua tovuti yoyote kwenye Chrome, ikikuambia saa yako iko nyuma au ikatoa NET::ERR_CERT_DATE_INVALID huna haja ya kutafuta tena.

Dawa ya muda ni kwenda Settings, Time & language, Date & time, washa saa ijiweke yenyewe na ubonyeze Sync now. Kwenye time zone Dar es Salaam hutaikuta, chagua ile ya (UTC+03:00) Nairobi, saa ni ileile. Ukiacha zone ya Dubai au ya London, kwa sababu kompyuta ilitoka huko, utaona saa imekaa sawa kwa macho kwa kuwa umeiweka kwa mkono, lakini kwa ndani imepishana kwa saa moja au zaidi na baadhi ya programu zinagoma hapo. Dawa ya kudumu ni kubadili betri. Kwenye kompyuta ya mezani unaitoa kwa kucha, kwenye laptop nyingi imefungwa kwenye waya wenye kisoketi kidogo, kwa hiyo kama hujawahi kufungua laptop mpe fundi, na umwambie kabisa unataka betri ya CMOS asije akakuuzia betri kubwa.

Na wale wajanja wa kurudisha saa nyuma ili siku ziongezeke, acheni. Programu hizi zinauliza seva, haziangalii saa yako peke yake, na unachopata ni lisensi kuvurugika wakati siku zako halali bado zipo.

Kama saa iko sawa, jaribu mambo haya kwa mpangilio: zima VPN kama unayo, toka kwenye akaunti uingie tena, kisha jaribu intaneti ya simu badala ya ile ya ofisini au chuoni. Mitandao mingi ya ofisi na vyuo inafunga njia za kutoka na seva za lisensi zinaathirika, brauza inafanya kazi vizuri kabisa ila programu haipiti. Ukiona kwenye hotspoti ya simu imekubali basi umeshajua mkosaji. Pia hakikisha umedaunlodi toleo lilelile ulilosajilia. Harmony ina matoleo matatu, Essentials, Advanced na Premium, na mtu akijisajili kwa moja akainstoli jingine anapata meseji hiyohiyo ya lisensi anabaki anahangaika.

Kuhusu hayo matatu, ushauri wangu ni ujaribu lile utakaloweza kulipia baadaye. Watu wanajaribu Premium kwa sababu ni bure, wanazoea Node View (sehemu ya kuunganisha vipande vya sini kama mchoro wa nyaya), wanajenga wahusika wao humo, halafu wakifika kulipa mfuko unaruhusu Essentials ambayo Node View haina. Hapo unaanza kujifunza upya.

Kadi inakataliwa

Hii ni kwa zile zinazotaka kadi kabla ya kukupa majaribio, Adobe wakiwemo. Kadi ikikataliwa, mara nyingi sababu ni hizi: kadi haijaruhusiwa kufanya malipo ya mtandaoni (benki nyingi kwetu huwa wameizima mpaka uombe), au salio ni sifuri. Ndiyo, ni bure, lakini wanaweza kushikilia kiasi kidogo kuhakikisha kadi ipo hai, sasa kama haina hata senti inagoma. Kadi za mtandaoni za pesa za simu zinafanya kazi sehemu nyingi, Kenya wana M-Pesa GlobalPay ya Visa tangu 2022, ila jina na nchi uliyoweka kwenye akaunti viendane na vya kadi. Ukidanganya nchi kwa sababu uliona bei ya huko ni rahisi, usishangae.

La muhimu zaidi ni kutoka. Majaribio ya siku 7 yakiisha yanageuka kuwa malipo yenyewe bila kukuuliza. Na soma vizuri umechagua mpango gani, kwa sababu ule wa mwaka unaolipwa kila mwezi unaonekana rahisi lakini ukiuvunja baada ya siku 14 za mwanzo unatozwa faini ya kuvunja mkataba. Serikali ya Marekani kupitia FTC, tume yao ya kulinda wateja, iliwashtaki Adobe mwezi Juni 2024 kwa madai ya kuificha faini hiyo, kwa hiyo wewe siyo wa kwanza kutoiona. Weka kengele kwenye simu siku ya tano. Siyo ya saba, ya tano, maana siku ya saba intaneti itakuwa haipo.

Inafunguka lakini sehemu ya kuchorea ni nyeusi tupu, au inazima yenyewe

Draiva ya grafiki. Harmony inachora skrini kwa OpenGL, yaani njia ya programu kuongea na grafiki, na Windows ikijiwekea draiva yake ya kubahatisha OpenGL inakuwa ya zamani au haipo kabisa. Nenda kwa aliyetengeneza grafiki yako, Intel, AMD au Nvidia, ushushe draiva ya modeli yako.

Kama laptop ina grafiki mbili, ile ya Intel na Nvidia, Windows inaweza kuipa programu ile dhaifu. Settings, System, Display, Graphics, ongeza programu yako hapo uchague High performance. Washa upya.

Kwenye laptop ya RAM GB 4 inaweza kufunguka, ila usifungue na Chrome yenye tabu ishirini pembeni. Ikiwa nzito acha brashi zenye texture, chora kwa vekta za kawaida, utaona tofauti kubwa.

Kalamu inachora unene mmoja, au kunatokea kaduara ukishikilia

Kama presha haifanyi kazi, jua kwanza ni tatizo la programu hii au la kompyuta nzima. Fungua Krita (ni bure moja kwa moja) uchore. Huko nako hakuna presha? Basi ni draiva ya tableti. Na hapa kuna kosa la kawaida sana, mtu alikuwa na Huion akauza akanunua XP-Pen au Wacom, draiva ya zamani bado ipo, zinapigana. Futa zote, washa upya, weka moja tu.

Kama Krita ina presha na Harmony haina, ni mvutano kati ya Windows Ink na Wintab, njia mbili tofauti za kusoma kalamu. Kwenye draiva ya tableti kuna kiboksi cha Windows Ink, ukibadili hapo badili na upande wa mipangilio ya programu viongee lugha moja, kisha funga programu uifungue tena, bila kufunga haisomi mabadiliko.

Kale kaduara kanakotokea ukishikilia kalamu siyo ka programu, ni Windows inadhani unataka kubonyeza kulia. Kazime kwenye mipangilio ya Pen and Touch, kwenye press and hold.

Nachora lakini hakuna kinachotokea

Angalia leya uliyochagua. Kwenye Timeline (paneli inayoonyesha leya na fremu zake) pale kushoto kuna leya za kuchora, kuna pegi (leya ya kusogezea vitu, haina mchoro), kuna kamera, kuna kadi ya rangi. Kalamu inachora kwenye leya ya kuchora tu, ukiwa umesimama kwenye pegi au leya iliyofungwa kufuli utasugua mpaka ncha iishe. Kama leya ni sahihi angalia rangi, labda umechagua rangi yenye uwazi kamili kama kioo, unachora ila haionekani. Na kama ulikuwa unaona mchoro wako ghafla ukapotea wote, labda umezuumu ukaenda mbali, bonyeza Shift+M mtazamo urudi mwanzo. Paneli zimepotea zenyewe? Menyu ya Windows, Restore Default Workspace. Hii ya paneli ndiyo watu wanafuta programu kwa ajili yake, na ni kubonyeza sehemu moja tu.

Mchoro unaonekana kidogo tu halafu unapotea nikicheza

Sasa hapa ndipo kwenye moyo wa animesheni yenyewe, tukae kidogo.

Sini mpya ya Harmony inakuja na fremu 60, na spidi ya kawaida ni fremu 24 kwa sekunde. Piga hesabu, ni sekunde mbili na nusu. Kwa hiyo anayelalamika kwamba katuni yake inaisha kabla haijaanza hajaharibu kitu, aende menyu ya Scene, Scene Length, aandike urefu anaoutaka. Sekunde kumi ni fremu 240.

Sasa ukichora kwenye fremu ya 1, mchoro huo umekaa kwenye fremu ya 1, na kama haujanyooshwa mbele utaonekana kwa sehemu moja ya ishirini na nne ya sekunde, jicho halijakaa sawa umeshapita. Unachotakiwa ni kuunyoosha. Nenda kwenye Timeline, kwenye leya hiyohiyo, bonyeza fremu unayotaka mchoro uishie, tuseme ya 12, halafu bonyeza F5. Utaona kile kiboksi kimejaa kutoka 1 mpaka 12. Cheza tena. Sasa mchoro unakaa nusu sekunde.

Ukielewa hapo unaelewa na kingine: huna haja ya michoro 24 kwa sekunde. Watu wengi, hata mastudio, wanachora mmoja kwa kila fremu mbili, yaani 12 kwa sekunde, na kwa mtu anayeanza na siku 21 mkononi hiyo ndiyo njia, vinginevyo utamaliza majaribio una mkono mmoja unaopunga. Chora 1, chora 3, chora 5, kila mmoja unyooshe fremu moja mbele. Washa onion skin uone mchoro uliopita kwa kivuli. Ukiona mwendo unarukaruka usikimbilie kuongeza michoro, angalia kwanza umbali kati ya mchoro na mchoro, mara nyingi nafasi ndizo hazijapangwa, zote zimelingana wakati kitu kinapoanza na kinapokaribia kusimama michoro inatakiwa isogeleane.

Ndoo ya rangi haijazi

Sababu ya kwanza, kuna tundu. Mstari wako wa kidevu haujagusana na wa shingo, macho hayaoni ila programu inaona. Kwenye mipangilio ya Paint kuna kufunga matundu madogo, ya kati na makubwa, anza na ya kati. Likibaki bado tumia kifaa cha Close Gap, unapitisha tu juu ya tundu linazibwa kwa mstari usioonekana. Ukitaka kuona wapi palipoachia bonyeza K, mistari isiyoonekana yote inajitokeza.

Sababu ya pili inaudhi zaidi kwa sababu mchoro unaonekana umefungwa kila kona na bado rangi haiingii. Ndani ya leya moja ya Harmony kuna vijileya, kimoja cha mistari kinaitwa Line Art, kingine cha rangi kinaitwa Colour Art. Ukichora kwenye Line Art kisha ukahamia Colour Art kupaka, kule hakuna mstari wowote wa kuzuia rangi, kwa hiyo ndoo haioni cha kujaza. Kuna amri inaitwa Create Colour Art from Line Art, inanakili umbo la mistari yako kwenda upande wa rangi kama mistari isiyoonekana. Bonyeza hiyo, paka, rangi inaingia. Au kama haya yote ni mengi kwako kwa sasa, baki kwenye Line Art, paka hapohapo, hakuna polisi atakayekukamata.

Nimebadili rangi ya shati kwenye sini hii na mashati yote ya nyuma yamebadilika

Hii siyo kasoro jamani, hii ndiyo raha yake. Kwenye Harmony hupaki rangi, unapaka namba ya rangi iliyopo kwenye paleti. Kila ulichopaka na ile "shati bluu" kinaifuata hiyo bluu popote ilipo. Ukiifungua paleti ukaigeuza kijani, michoro yote mia mbili inageuka kijani papo hapo. Mteja akisema hataki bluu unamaliza kwa sekunde, wakati kwenye programu nyingine ungepaka mpaka asubuhi.

Ukitaka shati la pili liwe tofauti, usiihariri ile rangi, ongeza rangi mpya kwenye paleti, ipe jina linaloeleweka, "shati jioni" au chochote, ndiyo upake nayo. Na tafadhali zipe majina. Paleti yenye New 1, New 2 mpaka New 37 haisaidii mtu.

Nimesogeza mkono fremu ya 20 na umesogea kuanzia fremu ya 1, au umesogea kwenye mchoro mmoja tu

Umechanganya vifaa viwili vinavyofanana sura. Select (Alt+S) inagusa mchoro wenyewe, wino. Transform (Shift+T) inagusa leya, na ikiwa hali ya Animate imewashwa inaweka fremu funguo (keyframe, alama ya mahali kitu kilipo kwa wakati huo) pale uliposimama. Ukitaka kitu kitembee kutoka hapa mpaka pale bila kukichora upya ni Transform na Animate iwake. Ikiwa imezimwa unasogeza leya kwa sini nzima, ndiyo maana na fremu ya 1 imehama. Ukishaliona hilo mara moja halikusumbui tena.

Sauti haiingii au haisikiki

Aliyeigiza sauti alikutumia voice note ya WhatsApp, sivyo? Hiyo inakuja kama opus au ogg, Harmony inataka wav, aiff au mp3. Fungua VLC, Media, Convert, itoe kama wav, kisha File, Import, Sound. Bora zaidi mwambie arekodi kwa rekoda ya simu akutumie faili lenyewe kama dokumenti, voice note inabana ubora sana na kwenye katuni sauti mbovu inasikika kuliko picha mbovu inavyoonekana.

Imeingia ila kimya ukicheza? Kwenye sehemu ya kuchezea kuna kitufe cha spika, bonyeza kiwake.

Nimetoa video imekuwa nyeusi

Ile nyeupe unayoiona nyuma ya mchoro wakati unachora haipo, ni kama meza tu. Ukitoa mp4, ambayo haibebi uwazi, sehemu tupu inaweza kutoka nyeusi, na mistari yako nayo ni nyeusi, basi umepata usiku wa manane. Weka kadi ya rangi, Colour Card, iwe leya ya chini kabisa. Toa tena. Na kama ulikuwa umeweka efekti kwenye sini lakini wakati wa kuchora huzioni, usiogope, mtazamo wa kawaida wa OpenGL hauzionyeshi nyingi, hamia Render View utaziona.

Nimemtumia rafiki kazi yangu, akifungua hakuna kitu

Ulimtumia faili la .xstage peke yake. Sini ya Harmony siyo faili moja, ni folda nzima. Hilo .xstage ni kama mpangilio tu, michoro yenyewe iko kwenye folda ya elements kama vifaili vya .tvg, rangi ziko palette-library, sauti iko audio. Ukitoa .xstage ukaipeleka kwenye flashi peke yake umebeba mpangilio bila mali. Bonyeza kulia kwenye folda kubwa, izipu yote, hiyo zipu ndiyo unayotuma.

Kwa sababu hiyohiyo usihamishe wala kubadili majina ya vitu ndani ya folda hiyo kwa mkono. Na usiifanyie kazi ikiwa kwenye Desktop inayosinki na OneDrive, au ukiwa umechomeka flashi unafanyia kazi humohumo. Vifaili ni vingi vidogo vidogo, OneDrive inavishika wakati programu inataka kuandika, siku moja unafungua unakuta michoro mitupu. Tengeneza folda yako D au C nje ya OneDrive, ukimaliza siku nakili folda nzima kwenye flashi. Save As New Version inaongeza .xstage nyingine ndani ya folda ileile, ni nzuri kurudi nyuma lakini siyo nakala ya akiba, diski ikifa zinakufa zote. Umeme wa kwetu unaujua, kwa hiyo kwenye Preferences washa Auto-Save pia.

Siku zimeisha, kazi zangu zimeenda?

Hazijaenda, folda zipo kwenye diski yako kama ulivyoziacha, ila programu haitazifungua mpaka uwe na lisensi. Kwa hiyo siku mbili kabla ya mwisho toa kila sini mara mbili, mp4 ya kuonyesha watu na picha za PNG moja moja kwa kila fremu. Hizo PNG zinaingia Blender, Krita, OpenToonz, na hata kwenye programu za kuedit za simu, kwa hiyo hata usipolipa leo kazi yako inaendelea. Zile folda zenyewe zizipu uweke sehemu mbili, na kwenye jina andika toleo la programu uliyotumia, maana sini iliyotengenezwa kwenye toleo jipya haifunguki kwenye la zamani, na mwakani hutakumbuka.

Na kama ulikuwa kwenye zile za kadi, ingia kwenye akaunti kupitia brauza, hakikisha imeandikwa kabisa kwamba mpango umesitishwa, piga picha ya skrini. Kufuta programu kwenye kompyuta hakusitishi malipo.